Nyuzi 4 kwa Ndizi: Kosa la Matai

Kuweka ndizi mbichi kwenye nyuzi 4 ni kosa, na aliyeuona mzigo ule ukitolewa kwenye chumba cha baridi pale Matai hahitaji maelezo marefu. Kabla ya hapo kazi ilikuwa safi: mikungu ilikatwa alfajiri huko Kasanga, chane zikapangwa kwenye kreti, zikapanda kwa lami bila kuchubuka.

Kisha mtu akageuza kipimo. Ndizi mbichi hutaka nyuzi 13 hadi 14. Chini ya hapo mafuta yaliyo kwenye utando wa seli hukakamaa, utando unavuja, na vimeng'enya vinakutana na kemikali vilizotengwa nazo. Ndipo mishipa iliyo chini ya ganda inapogeuka kahawia. Ukwangue ganda kwa ukucha, utaiona.

Ubaya wa jeraha hili ni kwamba hujificha. Siku zote za baridi ndizi zilibaki kijani, mwenye chumba akaamini ameshinda. Zilipokaa sokoni, ganda likawa kijivu na nyama haikuiva sawasawa. Moshi wala dawa ya kuivishia haiponyi utando ulioharibika. Maembe ya kreti za nyuma, yaliyotaka nyuzi 12 au 13 yakiwa mabichi, nayo yalitoka na vishimo kwenye ngozi.

Hiyo 4 ilitoka wapi? Ilinakiliwa kwenye makontena ya parachichi. Lakini hata parachichi za Hass hutunzwa kwenye 5 hadi 7! Nimelisema na nitalirudia: kila chumba kinapozinduliwa tunapigia makofi ubaridi, hatuulizi ni wa tunda gani. Fundi anafunga mashine, anaondoka, na mkulima aliyelima kwenye joto la Ziwa Tanganyika ndiye anayebeba hasara.

Miaka ya 1930 kule Trinidad, Claude Wardlaw na wenzake walilipima kila tunda peke yake, wakatafuta baridi inayolifaa. Hawakuwa na vioo vya kidijitali, walikuwa na subira. Leo tuna mashine bora kuliko zao na tunazitumia vibaya zaidi.

Chumba kimoja, tunda moja. Ndizi ziwekwe 13 na nusu, na kipimajoto kichomekwe ndani ya tunda la kreti ya katikati, kwa sababu hewa ya mlangoni hudanganya. Nyanda za Ufipa, ulipo Matai, tayari zina usiku wa baridi. Kushusha hadi 4 ni kulipia umeme ili kuharibu mali.