Mizani ya Mafiga Matatu

Mwaka 1953, Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza, alifika katika maabara ya Kellogg huko Pasadena, California, akiwa na ombi lisilo la kawaida. Aliwataka wanafizikia wa pale wapime tena kiini cha kaboni, kwa sababu nyota zilikuwa zimemwambia kuwa kuna kitu humo.

Hoja yake ilikuwa hivi. Ndani ya nyota kongwe, viini viwili vya heliamu, yaani chembe mbili za alfa, hugongana na kuwa berili. Berili hiyo huvunjika kabla hata neno kufumba na kufumbua halijaanza kuwa na maana: muda wake ni mfupi maelfu ya mara kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Ni mafiga mawili yasiyoweza kubeba chungu. Figa la tatu, yaani alfa nyingine, lazima lifike papo hapo ili kaboni izaliwe. Mwanafizikia Edwin Salpeter alikwisha kueleza njia hiyo mwaka 1952, lakini Hoyle aliona kwamba kwa mwendo ule kaboni ingekuwa haba mno. Ila kama kaboni ingekuwa na ngazi ya nishati karibu na MeV 7.7 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), juu kidogo tu ya nishati ya alfa tatu zikiwa zimetengana, mlango ungefunguka.

William Fowler, mmoja wa wakuu wa maabara hiyo, hakushawishika upesi. Kazi ikamwangukia Ward Whaling na wenzake, na hawa ndio ninaotaka kuwasifu.

Walirusha deuteroni, yaani protoni na neutroni zilizoshikana, kwenye naitrojeni. Deuteroni ikiingia, alfa hutoka na nyuma hubaki kaboni. Kaboni ikibaki imechangamka, yaani kwenye ngazi ya juu ya nishati, alfa hutoka na nishati pungufu, na upungufu huo ndio ushahidi. Wakaipitisha alfa katika sumaku, maana chembe yenye mwendo mdogo hupindishwa zaidi, kisha wakahesabu ngapi zimeangukia wapi. Sonara hupima dhahabu kwa mizani. Hawa walipima kisichoonekana kwa kipimo cha mpindo wa njia yake. Wakapata MeV 7.68, na kando yake wakaandika kwamba huenda wamekosea kwa 0.03. Naipenda sana hiyo 0.03. Fundi anayetaja kosa lake kabla hajaulizwa ndiye wa kukabidhiwa kazi. Vipimo vya leo vinasema 7.65, yaani walikuwa ndani ya mpaka waliojiwekea.

Ngazi hiyo sasa huitwa hali ya Hoyle. Mwaka 2001, wanafizikia Tohsaki, Horiuchi, Schuck na Röpke walitoa picha yake inayoshangaza: alfa tatu zinazoelea kama gesi nyembamba, zote zikishiriki hali moja ya chini kabisa, mfano wa kondenseti ya Bose. Hapo mafiga yangu hayafai tena, kwani hakuna lililo na mahali pake. Hilo linawezekana kwa kuwa alfa ni chembe shupavu: kung'oa protoni au neutroni moja ndani yake kunadai takriban MeV 20, ilhali alfa zenyewe, katika hali hii, zinagusana kidogo tu. Jina la kondenseti lingali linabishaniwa kwa chembe tatu pekee, na ni haki libishaniwe. Kwangu, umbo hilo legevu ni la kweli kuliko jina lake.

Jambo moja zaidi wapimaji walilihesabu kwa subira ya miaka mingi. Hali ya Hoyle ikitokea, karibu kila mara husambaratika tena kuwa alfa tatu. Katika kila 10,000, ni takriban 4 tu zinazotulia na kuwa kaboni kamili. Mkaa ulio jikoni kwako, na mkono unaoushika, vimetokana na hizo nne.