Mandhari na Kanuni: Kubungua Bongo kwa Ajili ya Mchezo wa Video katika Kivu

Neno mchezo katika Kiswahili limebeba mengi. Watoto wanaofukuzana katika miteremko ya Kadutu wamo mchezoni. Timu mbili za kandanda zina mchezo Jumapili. Na mwanafunzi anayeisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) anasoma mchezo vilevile, japo huu ni wa kuigiza. Hata ngoma huchezwa. Kwa hiyo mchezo wa video haubishi hodi kama mgeni kabisa katika uwanja wa uhakiki wa Kiswahili. Jina lake tayari limeuweka jirani na tamthilia na jirani na bao, na ujirani huo wafaa kutiliwa maanani kabla ya kuuliza swali ambalo vijana wengi wa vyuo vya Bukavu wanaojifunza kuandika programu hujiuliza: wazo jipya la mchezo hutoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba wazo hutoka katika mandhari. Chukua mchezo wa kufyatuliana risasi uliotungwa Marekani au Japani, uhamishie Nyawera au kando ya Ziwa Kivu, badilisha majina ya wahusika, na kazi imekwisha. Jibu hilo ndilo linalostahili kuhakikiwa hapa, kwa kuwa limejaribiwa mara nyingi, na wageni na wenyeji, na matokeo yake yanaonekana.

Wahakiki wa miaka ya 1980 na 1990 walizoea kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. Kwa mchezo mgawanyo huo hautoshi. Kuna kitu cha tatu, nacho ni kanuni: lipi linaruhusiwa, lipi linakatazwa, tendo gani linamtunuku mchezaji na tendo gani linamgharimu. Bao latoa ushahidi ulio wazi. Liwe limechongwa kwa mti mgumu huko Zanzibar, au liwe vishimo vilivyochimbwa udongoni na kuchezwa kwa vijiwe, ni bao tu maadamu mashimo ni 32 na kete ni 64, maadamu kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, na maadamu kuna hatua ya namua kabla ya hatua ya mtaji. Mbao na vijiwe ni mandhari. Ukiiondoa nyumba na haki ya mchezaji kuilinda au kuisafirisha, umebuni mchezo mwingine. Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika tasnifu yake ya 1995, hakuwa akichunguza ubao. Alichunguza namna kanuni hizo zinavyokaa kichwani mwa bingwa.

Sasa tazama jinsi Kiswahili na nchi zake zilivyotumika katika michezo ya kigeni. Katika Halo 3: ODST (2009) askari wanatua usiku katika Mombasa mpya ya karne nyingi zijazo. Kizingo imo, Kikowani imo, pamoja na uwanja uitwao Tayari. Msomaji wa Kiswahili hufurahi kuyaona majina hayo, kisha hugundua kwamba mji ni mtupu. Wenyewe wamehama au wamekufa, na lugha yao imebaki kwenye vibao. Resident Evil 5, iliyotolewa mwaka huohuo na kampuni ya Capcom ya Japani, ilikwenda mbali zaidi, kwani ndani yake Kiswahili kinasemwa. Lakini kinasemwa na nani? Kinasemwa na watu waliokwisha geuzwa mazimwi, na mazimwi hao wameitwa Majini. (Mwalimu wa sarufi hataacha kucheka kidogo: neno hilohilo laweza pia kuwa mahali, yaani ndani ya maji.) Katika mchezo huo mchezaji hahitaji kuelewa hata neno moja. Kiswahili kimekuwa mlio wa hatari, kama mbweko wa mbwa gizani.

Si haki kudai kwamba matumizi yote ni ya namna hiyo. Wimbo Baba Yetu, ambao Christopher Tin aliutungia mchezo wa Civilization IV (2005), ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, na ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na kwaya za mataifa mengi zimeuimba. Ni heshima kubwa. Hata hivyo wimbo unasikika mlangoni tu, kabla mchezo haujaanza. Ndani ya mchezo wenyewe lugha hiyo haitendi kazi yoyote.

Mchezo mmoja uliipa lugha kazi, na mandhari yake yamo karibu na Kongo. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, wa Konami, uliotolewa 2015, unamweka mchezaji mwaka 1984, kwanza Afuganistani, kisha katika mpaka wa Angola na Zaire. Humo askari husema lugha zao, Kikongo kikiwa mojawapo, na mchezaji asiyempata mkalimani haelewi wanalosema wala hawezi kuwahoji. Isitoshe, kisa chenyewe kinahusu kimelea kinachokaa katika nyuzi za sauti na kuamshwa na lugha maalumu, hata wasemaji wa Kikongo wakawa wahanga wa mwanzo. Kwa mtu wa isimu hilo ni wazo la kutisha, na ni wazo la kweli: kusema lugha ya mama kumekuwa kanuni inayoua. Walakini Mkongo mwenyewe ndani ya kisa hicho ni maiti au ni askari wa kukamatwa. Kanuni ni mpya, ila nafasi ya mtu ni ileile ya zamani.

Karibu zaidi na Kivu yupo Phone Story. Msanii wa Italia Paolo Pedercini, kwa jina la kazi Molleindustria, aliutoa Septemba 2011 kwa ajili ya simu, na Apple ikauondoa katika duka lake baada ya siku chache. Mchezo una hatua nne, na ya kwanza iko Kongo: watoto wanachimba koltani, na kidole cha mchezaji ndicho kinachowaongoza walinzi wenye bunduki kuwatisha watoto wanapolegea. Asiyetisha hashindi. Hapa hoja haikuwekwa katika maelezo bali imewekwa katika tendo, tena tendo linalofanywa juu ya kioo cha simu ambayo ndani yake mna tantali. Mkazi wa Bukavu hahitaji kufundishwa uhusiano huo. Mwishoni mwa 2000 bei ya tantali duniani ilipanda kwa ghafla, ikaporomoka 2001, na wako walioihusisha na simu na mitambo ya michezo iliyotoka wakati huo. Wengine wamelipinga dai hilo, hasa kuhusu mitambo. Ubishi huo haukuwazuia vijana wa Kivu kuacha shule na mashamba na kwenda machimboni.

Kama tahakiki Phone Story ina nguvu, na ina kasoro moja kubwa. Mtoto wa machimbo hana jina, hana neno, hana hila yoyote. Mtunzi amemhurumia, lakini hakumpa hata njia moja ya kuchagua. Hata huruma yaweza kumfanya mtu kuwa mandhari.

Watunzi wa Afrika wenyewe je? Nairobi X (2015) ya Kenya iliwapeleka wavamizi wa sayari nyingine Nairobi, na kanuni ikabaki ileile ya kulenga na kufyatua. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotungwa na Kiro'o Games ya Yaoundé (2016), ilithubutu zaidi: shujaa wake Enzo hupigana akiwa pamoja na mkewe Erine, na nguvu anazozitumia zatoka kwa mababu. Mifupa ya mchezo ni ya Kijapani, lakini wazo la kwamba nguvu ni urithi, si silaha ya kuokota, ni hatua halisi. Na Lual Mayen, mzaliwa wa safari ya ukimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekulia kambini Uganda, alibuni Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi mwenye kuhitaji maji na chakula, na ushindi ni kufika kwenye amani. Huyo hakuanza na mandhari. Alianza na swali la nini kinamwangusha mtu njiani.

Bukavu imeonja vita mwaka 1996, mwaka 2004, na tena 2025. Ndiyo maana wazo la mchezo wa vita huja la kwanza pale vijana wanapobungua bongo, na halipaswi kudharauliwa. Lakini Kivu ina hazina nyingine ambayo kanuni zake hazijachakaa. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, ulioghaniwa na Shé-Karisi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, hutajwa darasani kama kielelezo cha tendi za Afrika ya Kati, kisha kitabu kikafungwa. Ukisomwa kwa jicho la mtunzi wa michezo, unashangaza.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, ametangaza kwamba wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anazaliwa mwanamume, tena akitembea na kusema; baba anamrushia mikuki, anamzika hai, anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi, na radi ya Nkuba inaiteketeza Tubondo. Mpaka hapo mchezo wa kawaida ungetosheka. Baba anatoroka chini ya ardhi, mwana anamfuata, na ndipo kanuni zinapogeuka. Katika milki ya Muisa si nguvu inayookoa bali ni adabu ya kukataa: binti Kahindo anamwonya Mwindo mapema asikubali kiti atakachopewa, wala pombe ya ndizi, wala ugali, na anamfundisha maneno ya kujibu. Mbele zaidi kwa Sheburungu hakuna vita kabisa, kuna kamari ya wiki. Mwindo anaweka mali, anaweka watu, anamweka hata shangazi, na anapoteza vyote hadi akabakiwa na mgwisho wake, conga. Kwa huo anarudisha kila kitu. Mchezo ndani ya utendi! Ni vigumu kumpa mtunzi zawadi iliyo wazi kuliko hiyo.

Baba anapopatikana hauawi. Anarudishwa Tubondo, wafu wanafufuliwa, anakiri kosa lake mbele ya baraza, na milki inagawanywa kati yake na mwanawe. Mchezo unaomtunuku mchezaji kwa kumfikisha adui barazani akiwa hai, ili aseme mwenyewe alichofanya, ungekuwa na kanuni ambayo wakazi wa Kivu wangeielewa bila maelezo, na ambayo wangebishana juu yake. Ubishi huo wafaa kukaribishwa. Je, kuna mikuki mingapi ambayo kukiri hakuilipi?

Kisha kuna Kirimu, zimwi la vichwa saba. Mwindo analiua, jambo ambalo katika michezo mingi lingekuwa kilele, na ngoma zingelia. Hapa ni kosa. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba anamshukia shujaa na kumpandisha angani, ambako kwa mwaka mzima anateswa na mvua, baridi na jua, hana shujaa wa kumpiga wala mgwisho wa kumwokoa. Anarudi akiwa amekatazwa kuua wanyama. Mtunzi atakayethubutu kuichukua kanuni hiyo, yaani kumwachia mchezaji auue mnyama mkubwa kwa ustadi wote aliojifunza kisha kumnyang'anya ustadi huo, atakuwa amebuni jambo lisilopatikana kwa kubadilisha mandhari. Tena katika mkoa wenye hifadhi ya Kahuzi-Biega na sokwe wake, na wenye mabishano makali juu ya nani alipie ulinzi wa mnyama, kanuni hiyo haitakuwa hekaya tupu.

Yapo mambo ya kawaida pia ya kufikiriwa. Umeme wa vituo vya Ruzizi hukatika, na wengi huchezea simu. Mchezo unaodai saa tatu mfululizo hautafaa. Wiki na bao vyaweza kuachwa katikati ya zamu na kurudiwa kesho yake.

Linabaki suala la lugha, ambalo watunzi huliacha la mwisho na ambalo hapa lingekuwa la kwanza. Mtoto wa Bukavu anasema niko nakula na batu benyewe mtaani, anafunzwa kwa Kifaransa, anasikia Kimashi kwa bibi yake. Na Didier Goyvaerts alikwisha onyesha mwaka 1988 jinsi vijana wa mji huo walivyojitengenezea Indubili yao. Mchezo wa Mwindo katika Kiswahili sanifu peke yake ungekuwa mzuri na baridi. Lakini ukimpa Muisa Kiswahili cha fahari cha ofisini, na ukampa Kahindo Kiswahili cha Kadutu, onyo lake litafika kwa sauti ya dada, si ya kitabu. Na mchezaji mwenye haraka, yule aliyezoea kuruka mazungumzo ili afike kwenye mapigano, atakubali kiti alichokatazwa, na mchezo wake utaishia hapo.