Ndani ya Probox: meza, mzigo na sentimita kumi

Vuta kile kimeza kilichojificha katikati ya dashibodi ya Toyota Probox na utajua mara moja gari hili lilibuniwa kwa ajili ya nani. Mlengwa wake ni mtu wa mauzo wa kampuni ya Kijapani, anayeshinda barabarani tangu asubuhi, saa sita anaegesha kivulini, anavuta meza, anakula chakula chake cha boksi, anajaza karatasi za oda, anarudisha meza, anaendelea na safari. Familia haikufikiriwa sana. Katika toleo la 2014 meza inatosha kompyuta mpakato, na karibu yake kuna tundu la kusimamishia kinywaji cha pakiti ya lita 1, ile ya mraba ambayo kishikio cha kawaida cha kikombe hakiipokei. Nakshi hakuna hata moja. Kila tundu limechongwa kwa kitu fulani, chenye umbo fulani na uzito fulani.

Wengi wetu hatuoni hilo tunapolinunua. Probox ilipoingia sokoni 2002 ilikuja kwa sura mbili, ya abiria na ya mizigo, na zilizojaa huku kwetu nyingi ni hizi za mizigo. Sheria ya Japani inataka gari lililosajiliwa kuwa la mizigo liwe na eneo la mzigo kubwa kuliko eneo la abiria. Ndiyo maana siti ya nyuma ya Probox ya mizigo ni nyembamba, imesimama wima kama benchi la shule, na magoti yanagusa siti ya mbele. Fundi akikuambia siti hiyo "imechoka" usimwamini. Ilitoka kiwandani hivyo. Wabunifu walimnyima abiria wa nyuma ili waupe mzigo, na uzito wakauandika: kilo 400 wakipanda watu wawili, kilo 250 wakipanda watano.

Zigeuze kilo hizo ziwe saruji. Watu wawili na mifuko minane, au watu watano na mifuko mitano. Mifuko minane ukiipanga vizuri haifiki hata usawa wa dirisha, na juu yake inabaki nafasi kubwa inayomchokoza mwenye mzigo. Hapo ndipo hesabu huharibika, kwa sababu jicho linapima nafasi na gari linapima uzito. Kwa magodoro na matenga matupu jicho litakuwa sahihi. Kwa saruji, viazi au kreti za soda, uzito unakwisha kabla ya nafasi.

Lakini uzito si jambo ninalolitaka zaidi hapa. Mzigo wa kilo 60 tu, halali kabisa, unaweza kumuua dereva kwa namna ulivyopangwa. Tuangalie kinachotokea.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, pua yake hukunjika, na kukunjika huko ndiko kunakookoa watu. Tuseme imekunjika sentimita 60. Gari linasimama kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwili wa gari umesimama. Mzigo haujapata habari. Unaendelea kwa kasi ileile hadi kitu kiuzuie. Ukiwa umeegemea mgongo wa siti tangu mwanzo, unapunguza mwendo pamoja na gari, na siti inabeba msukumo mkubwa lakini wa mfululizo. Ukiwa umeachwa nyuma kidogo, unapata uwanja wa kukimbilia. Kwa hesabu ya kawaida ya mwendo, tukipuuza msuguano wa sakafu, pengo la sentimita 10 linatosha mzigo uugonge mgongo wa siti kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Pengo la sentimita 20, karibu 30. Likifika sentimita 60, gari litakuwa limeshasimama kabisa na mzigo utawasili na kilomita zake zote 50.

Kwa hiyo ile desturi ya kuweka mzigo mlangoni mwa buti ili iwe rahisi kushusha ndiyo mbaya kuliko zote. Kitu kizito kinatakiwa kiwe chini kabisa, sakafuni, kikigusa mgongo wa siti, na pengo libaki nyuma, upande wa mlango. Vyepesi vipande juu. Kilichobaki kifungwe kwa kamba kwenye kitu kilichoshikamana na mwili wa gari. Kamba ya kuzungushia mizigo yenyewe kwa yenyewe inaigeuza tu kuwa mzigo mmoja mkubwa unaoruka pamoja.

Je, mgongo wa siti unabeba kiasi gani? Kipo kipimo kinachotusaidia kukisia. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu siti za magari ya abiria, inataka siti ya nyuma ijaribiwe kwa masanduku mawili, kila moja la kilo 18, lenye pande za sentimita 30. Masanduku hayo huwekwa nyuma ya siti, pengo likiachwa la sentimita 20, kisha gari linasimamishwa kwa ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa. Siti ikibaki mahali pake na vishikizo vyake visifunguke, imefaulu. Jumla ni kilo 36. Mifuko mitano ya saruji ni karibu mara saba ya hapo. Sisemi siti itang'oka ukipakia mifuko mitano. Ikiwa imeegemezwa bila pengo, hali ni tofauti na ile ya kipimo. Nasema tu kwamba anayedhani mgongo wa siti ni ukuta wa zege hajaona kile kikomeo kidogo cha pembeni kinachoushikilia. Kiangalie. Ukisukuma siti na ikalia "kla" bila kushika, mzigo wako unazuiwa na mazoea tu.

Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, hushauri jambo rahisi: kama hakuna aliyekaa nyuma, funga mikanda ya siti ya nyuma kwa kuipishanisha, ule wa kulia kwenye kifungio cha kushoto na wa kushoto kwenye cha kulia. Mikanda inaubana mgongo wa siti kwa mbele na kuupa nguvu. Haigharimu shilingi.

Hatari zaidi ni pale siti ya nyuma inapolazwa ili kupata sakafu ndefu. Wengi hufanya hivyo wakidhani wameongeza nafasi tu. Wamemwondolea dereva kizuizi cha kwanza, na sasa kati ya shingo yake na bati za mabanda kuna siti yake peke yake. Bati, nondo na mabomba hayapaswi kupita katikati ya siti mbili za mbele kuelekea kwenye dashibodi, hata kama mwendo ni wa kutoka dukani hadi saiti tu. Anayebeba vyuma kila siku amuone fundi amfungie kizuizi cha vyuma nyuma ya siti, kwa bolti zinazoshika mwili wa gari.

Na watu? Katika vijiji vingi vya Kenya, na huku Tanzania kwenye magari ambayo wengine huyaita michomoko, Probox ndiyo basi. Wanne nyuma, wawili siti moja ya mbele, na wengine wamekunjwa kwenye buti pamoja na kuku. Sitahubiri, anayepanda hivyo mara nyingi hana gari jingine la kusubiri. Lakini kiufundi jibu ni fupi. Mtu aliyekaa buti bila mkanda, hesabu yake ni ile ya mzigo, pengo na yote. Na yule wa siti ya nyuma, anayejiona amepata mahali pazuri, ndiye atakayepokewa na aliye nyuma yake.

Turudi mbele, kwenye vitu vidogo, ambavyo kwa maoni yangu vinapuuzwa kuliko magunia.

Kilomita 50 kwa saa ni kasi ya kitu kilichoanguka kutoka karibu mita 10 juu. Kwa kilomita 80 ni mita 25. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyolala kwenye kile kibao cha dirisha la nyuma, ujiulize kama ungekubali ikuangukie kisogoni kutoka ghorofa ya tatu. Mtungi wa zimamoto nao ni hivyohivyo, ule ambao trafiki hukuuliza, na ambao kwa wengi wetu unabingirika chini ya siti kila kona. Mtungi mdogo huuzwa ukiwa na kishikio chake cha bati na skrubu. Kishikio hicho huishia dukani au kwenye droo ya jikoni. Kifungwe mbele ya siti ya abiria au ubavuni mwa buti, mahali mkono unapofika. Mtungi uliozikwa chini ya magunia hauzimi kitu.

Kinachobingirika hakihitaji ajali ili kudhuru. Chupa ikiingia chini ya pedeli ya breki, pedeli haishuki. Ndiyo sababu vishikio vya chupa vimewekwa milangoni na kwenye konsoli, na ndiyo sababu eneo la miguu ya dereva halina kishikio chochote. Viatu ulivyovua, mwavuli, maboksi ya chakula, vyote vikae upande wa abiria. Zulia nalo ni la kutazamwa. Agosti 2009, karibu na San Diego huko California, watu wanne wa familia moja walikufa katika Lexus ES 350 waliyoazimwa na muuzaji wakati lao likiwa matengenezoni. Ndani yake mlikuwa na zulia la mpira la modeli nyingine, na pedeli ya mafuta ikanasa humo. Wiki chache baadaye Toyota ilitangaza kurekebisha tatizo la mazulia katika magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani. Huku kwetu mazulia hukatwa kwa makadirio kando ya barabara na kutandikwa juu ya yale ya zamani, mawili kwa mpigo. Liwe moja, lishikwe na ndoano zake za sakafuni, na ukikanyaga mafuta hadi mwisho lisiguse pedeli.

Kuhusu tundu la laita nitakuwa mfupi. Kwenye Toyota nyingi limeandikwa 12V na 120W, yaani ampea 10. Chaja ya kawaida ya simu haifiki hata robo ya hapo, na kompyuta mpakato ya wati 65 inaingia vizuri kupitia inveta ndogo. Pasi au birika la umeme la wati 1,000 lingetaka zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye waya mwembamba. Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake. Anayeifunga kwa waya au karatasi ya sigara anageuza waya wa ndani ya dashibodi kuwa fyuzi, na huo hauwezi kubadilishwa kwa dakika mbili. Na kama gari lako lina tundu la umeme wa nyumbani, kumbuka umeme wa Japani ni volti 100, si 230.

Joto nalo lina hesabu zake. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona na San Diego walichapisha vipimo vya magari yaliyoachwa juani mjini Tempe, siku za joto la zaidi ya nyuzi 37. Baada ya saa 1 hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, na dashibodi nyuzi 69. Dar es Salaam haina joto la Tempe, ila geuza kopo lolote la dawa ya mbu usome: lisiachwe penye joto la zaidi ya nyuzi 50. Kiberiti cha gesi, pawabenki na dawa za hospitali vinaingia kundi hilohilo. Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6 usafiri ukiwa umesimama, umefungwa, madirisha wazi, na ushushwe ukifika. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inakaa sakafuni, chini ya pua yako, na huenda ukachelewa kuinusa.

Mwisho ni juu ya dashibodi, upande wa abiria, mahali pa manyoya, maua ya plastiki na vishikio vya simu vya gundi. Chini ya kile kifuniko kuna mfuko wa hewa wa usalama, unaojaa kwa takribani sehemu tatu za mia za sekunde. Chochote kilicho juu yake kinarushwa usoni mwa aliyekaa pale, na miguu aliyoipandisha juu ya dashibodi inarudi kumpiga mwenyewe. Simu ihamie kwenye matundu ya kiyoyozi.

Ukienda yadi kununua, pitisha kidole kwenye kingo za kifuniko hicho. Kikiwa na mshono wa gundi au rangi tofauti, mfuko uliwahi kulipuka na huenda hakuna kitu ndani. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya mfuko wa hewa (SRS): inatakiwa iwake sekunde chache, izime. Ikikataa kuzima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa au aliyeiziba, na hapo mazungumzo ya bei yaanze upya.