Kusadikika Ikisomwa Kingerikiti

Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951, aliitundika nchi yake angani akaipa pepo kuwa mipaka: kaskazi, kusi, matlai na umande. Msomaji wa pwani hupita hapo bila ya kusita, maana kaskazi na kusi ndizo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Msomaji wa Kingerikiti, katika milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa, husita. Upepo autajao mvuvi wa ziwa hilo ni mwera. Kwake ugeni wa nchi ile huanzia katika majina ya pepo, hata kabla hajamfikia mfalme.

Ndani ya kesi ya Karama, aliyeshitakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, mna hadithi fupi sita za wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi na habari za manufaa, wakatiwa gerezani. Wahakiki huzisoma kuwa fumbo la utawala wa kikoloni. Yamkini ni kweli, na mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Walakini fumbo likisha kufumbuliwa hadithi hubaki, nayo yataka kuhukumiwa kama hadithi.

Hapo ndipo sikio la Kingerikiti lifaapo. Milima hii ilipokuwa bado katika wilaya ya Songea, wilaya hiyo ilitoa vijana wengi waliokwenda kukata mkonge Tanga, upande uleule alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Waliporudi walikuwa wajumbe, ingawa hawakutumwa na mfalme. Masimulizi ya mtu aliyetoka mkonge huchanganya mshahara na miba, garimoshi na homa. Mjumbe wa Kusadikika hachanganyi hivyo. Nchi aliyoiona husifiwa kwa maneno yaliyotungwa kama shanga, na moshi wa jiko haunuki. Msomaji aliyezoea kuona Wamatengo wakichimba ngoro mlimani, shimo kwa shimo, ili mvua isichukue udongo, huuliza watu wale walilimaje. Apewacho ni sifa, si jembe.

Gereza, kinyume chake, lasadikika mara moja. Afikapo kwa mjumbe wa nne msomaji ameshajua mwisho, na bado hukasirika. Marudio yaliyochosha katika sifa yana nguvu katika dhuluma. Ndiyo sababu hukumu ya mfalme humwacha na njaa. Karama apona, minyororo ya wajumbe yafunguliwa. Msomaji angetaka kumfuata Kabuli au Amini usiku ule hadi nyumbani, amwone aliyemfungulia mlango, na alilomwuliza kwanza.