Usiisugue Shilingi ya Simba

Kabla ya kufungua mkebe wake wa sarafu za zamani, mzee mmoja wa Kericho, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, hunawa mikono na kuikausha, maana jasho la vidole hula madini. Kila sarafu huishika kwa ukingo, uso wake haugusi.

Kwanza anazitenga juu ya kitambaa. Ndururu na senti kumi upande huu, pembe za ndovu zikiwa zimezunguka tundu. Shilingi za simba upande ule, za enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutoa shilingi mwaka 1921.

Kisha anachukua kioo cha kukuzia. Shilingi za 1921 hadi 1946, robo yake ni madini ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Ukizitazama juu juu, huzitofautishi. Mwaka ukiwa umefutika, yeye husoma maandishi yaliyozunguka kichwa cha Mfalme George wa Sita: kabla ya 1948 anatajwa pia kuwa Kaisari wa India, baadaye cheo hicho hakipo, kwa kuwa India ilijitawala mwaka 1947.

Sasa anatafuta herufi ndogo. H ni ya kiwanda cha Heaton, KN ni ya King's Norton, vyote vya Birmingham. Akishaipata, anaiinamisha sarafu polepole kwenye mwanga wa dirisha, macho yakiwa kwenye manyoya ya shingo ya simba. Yakionekana shungi kwa shungi, bei inapanda. Yakiwa yamelika, inashuka, hata kama sarafu ni kongwe.

Senti kumi ya 1936 anaikalia zaidi. Ina jina la Edward wa Nane, aliyeacha ufalme Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Uingereza haikuwahi kutoa rasmi sarafu zenye sura yake. Huku Afrika Mashariki za jina lake zilitumika sokoni, kwani penye tundu hapachorwi kichwa. Mgeni angeidhania mali. Mzee anaiweka kwenye fungu la bei ndogo: zilitengenezwa kwa wingi, na mnunuzi hulipia uhaba.

Nyingine anazirudisha bila kuzipa bei, hadi azilinganishe tena kesho.

Ukizikuta sandukuni mwa nyanya yako, usizisugue kwa jivu wala ndimu. Mikwaruzo haifutiki, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Mpelekee mjuzi zikiwa na weusi wake.