Ngoma ya vinyago ya Wathai: ni mali ya nani?

Tukisikia kwamba watu wa inchi mbili wanagombana, twadhani mara ni kwa ajili ya shamba, au maji, au madini. Huko Asia, Wathai na Wakamboja wamegombana pia kwa ajili ya ngoma. Tangu mwaka 2016, ilipojulikana kwamba Thailand inataka ngoma yake iitwayo khon iandikwe na UNESCO katika orodha ya urithi wa watu wote, Wakamboja wengi walikasirika. Walisema: hiyo ni ngoma yetu, sisi twaiita lkhon khol, ninyi mmeiiba. Wathai nao wakajibu kwa maneno makali vilevile.

Sisi tunakaa mbali nao, wala hatuna undugu na upande wowote. Lakini tumetazama katika filamu ngoma ya hawa na ya wale, tena zaidi ya mara moja, na twaona ugomvi huo wafaa kuchunguzwa. Neno «yetu» linatamkwa huko kwa haraka mno.

Kwanza, khon ni nini? Ni mchezo unaounganisha kucheza na kusimulia hadithi. Wale wachezao mazimwi na nyani huvaa vinyago vinavyofunika kichwa kizima, basi hawawezi kusema. Wasimulizi na waimbaji walioketi kando ndio wasemao kwa niaba yao. Wale wachezao wafalme na malkia siku hizi huonyesha nyuso zao, lakini tazameni: uso wenyewe hauchezi. Macho yametulia, kinywa kimefungwa, kana kwamba nao wamevaa kinyago cha ngozi yao. Kuna aina nne za wachezaji, yaani mwanamume mtukufu, mwanamke, zimwi na nyani. Mtoto akiingia shuleni, walimu hutazama umbo la mwili wake, kisha humwekea aina yake, na mara nyingi atadumu katika aina hiyo maisha yake yote.

Hadithi yao ni moja tu, ndefu kama mto: Ramakien. Mfalme Rama anaibiwa mke wake Sita na Thotsakan, mfalme wa mazimwi, mwenye nyuso kumi na kinyago cha rangi ya kijani. Rama anapigana naye kwa msaada wa jeshi la nyani, na mkubwa wa mashujaa wao ni Hanuman, nyani mweupe. Tuseme kweli: vita vyenyewe ni virefu mno kwa mgeni. Jeshi laingia, jeshi latoka, jeshi laingia tena. Lakini nyani! Wanajikuna, wanabiringika, wanatafutana chawa, na kila mkuno umehesabiwa pamoja na mpigo wa ngoma. Hapo hata mtoto asiyejua neno moja la Kithai atacheka mahali panapofaa kuchekwa.

Muziki wake masikio yetu hayauoni mgeni kabisa. Katikati ya wapigaji kuna ranat, nayo ni ndugu wa madimba yetu: vipande 21 au 22 vya mbao au mwanzi juu ya sanduku lenye umbo la mtumbwi. Bwana A. M. Jones, mmisionari aliyekaa miaka mingi huko Zambia, aliandika kitabu mwaka 1964 kusema kwamba madimba ya Afrika yalitoka Indonesia, kwa kuwa sauti zake zimepangwa kwa vipimo vinavyofanana na vya huko. Wataalamu wengi hawakukubali, nasi twaona walikuwa na haki: vipimo vya sauti kufanana peke yake si ushahidi wa safari. Tunamtaja kwa sababu kosa la namna hiyo hiyo latokea katika ugomvi wa Wathai na Wakamboja. Mtu aona kufanana, halafu mara moja auliza ni nani mwizi.

Basi tuchunguze kufanana kwenyewe. Kila mtu ajua kwamba hadithi ya Rama ilitoka Uhindi, katika utenzi mkubwa wa Ramayana. Lakini kuna sehemu moja ambayo wachezaji wa Thailand na wa Kamboja wanaipenda sana, na ambayo haimo katika Ramayana ya mshairi Valmiki. Nyani wanajenga njia ya mawe baharini wapate kufika kisiwani Lanka. Wanatupa mawe mchana, mawe yanapotea. Hanuman anapiga mbizi, akamwona binti wa mfalme wa mazimwi, nusu mtu nusu samaki, anayewaamuru samaki wachukue mawe. Hanuman anamfukuza, anamkamata, na badala ya kumwua anampenda. Wanazaa hata mtoto, nyani mwenye mkia wa samaki. (Wahindi, wanaomheshimu Hanuman kama mwenye usafi asiyegusa mwanamke, wangeshangaa sana kumwona huyu wa Thailand na wapenzi wake wengi.) Wathai wamwita binti huyo Suphannamatcha, Wakamboja wamwita Sovann Maccha. Majina hayo ni jina moja, maana yote mawili yatoka katika maneno ya Kisanskriti ya kusema «samaki wa dhahabu». Wahindi walitoa jina. Kisa kilikuzwa na watu wa Kusini-Mashariki mwa Asia wenyewe. Nani kati yao alikisimulia kwanza? Twaona anayeuliza hivyo hajatazama ngoma yenyewe. Katika ile ya Kamboja, binti akwepa kwa madaha, mkono wake unapepea kama pezi, na Hanuman anageuka mtu mwenye haya. Katika khon, Hanuman abaki nyani mpaka mwisho, mjanja, na kicheko kinakaribia kila hatua. Hatuwezi kusema moja ni nakala ya nyingine.

Vivyo hivyo mikono. Wahindi wana kitabu cha kale sana, Natyashastra, kinachofundisha kazi ya mchezaji; kinataja mikao 108, na mikao hiyo imechongwa katika malango ya hekalu la Chidambaram, kusini mwa Uhindi. Wathai nao wana mfululizo wa mikao ya msingi, mae bot, ambao mwanafunzi hujifunza kama vile sisi tulivyojifunza a-e-i-o-u. Ni wazi kwamba mbegu ilitoka ng'ambo ya bahari. Lakini tazameni mmea. Mchezaji wa kusini mwa Uhindi hupiga mguu chini kwa nguvu, njuga zinalia, macho na nyusi zinasema, na mkono wake ni neno: huu ni ua, huu ni ndege. Mthai hainui sauti ya mguu. Anauinua polepole, kidole kikubwa kimetazama juu, mwili unashuka na kupanda kama mtumbwi uliofungwa ufukoni. Vidole vyake vimepindwa nyuma hata twaona uchungu kuvitazama, kwa sababu vimesukumwa na mwalimu kila siku tangu utoto. Mkono wake mara nyingi hausemi neno moja lililo wazi. Unatia mstari wa mwisho katika umbo zima la mwili. Mkamboja hupinda vidole zaidi, tena huenda taratibu zaidi.

Watu wapenda kusema kwamba ngoma hizo ni «urithi wa pamoja». Neno hilo ni zuri, lakini laficha jambo gumu. Katika historia, ngoma hizi hazikupita toka inchi hata inchi kama zawadi ya arusi. Mara nyingi zilipita pamoja na mateka. Mwaka 1431 jeshi la Ayutthaya, mji mkuu wa Wathai wa zamani, liliteka Angkor, mji wa Wakhmer, na masimulizi ya kale yasema kwamba wachezaji wa mfalme walikuwa kati ya waliochukuliwa. Mwaka 1767 zamu iligeuka: Waburma waliiteka na kuiteketeza Ayutthaya yenyewe, wakachukua maelfu ya watu, na kati yao wachezaji na wapiga muziki. Hata leo, katika muziki wa zamani wa Myanmar, kuna nyimbo ziitwazo Yodaya, na Yodaya ni Ayutthaya kinywani mwa Waburma. Fikirini watu hao, waliofundisha watoto wa waliowateka kucheza hadithi ya mke aliyeibiwa.

Wathai walipojenga Bangkok mwaka 1782, walihitaji kukusanya upya yaliyopotea. Mfalme Rama wa Kwanza aliagiza Ramakien iandikwe tena, kazi iliyoanza mwaka 1797, na mwana wake Rama wa Pili akaifupisha kwa ajili ya jukwaa. Huyo wa Pili alitunga vilevile mchezo wa Inao, nao hautoki Uhindi hata kidogo: ni hadithi ya Panji, mwana wa mfalme wa Java, iliyofika Ayutthaya katika karne ya 18 kwa njia, yasemwa, ya wajakazi wa Kimalay waliowasimulia binti za mfalme. Baadaye Ang Duong, aliyekaa miaka mingi Bangkok kabla ya kutawala Kamboja, alipopata ufalme mwaka 1848, aliitengeneza upya ngoma ya nyumba yake, na mavazi ya wachezaji wake yalifanana sana na ya Siam. Basi Wathai walichukua kwa Wakhmer, na Wakhmer walichukua tena kwa Wathai kitu ambacho tayari kilikuwa kimebadilika. Hakuna hakimu awezaye kukata kesi hiyo.

Tungeweza kusema mengi juu ya Manora, yule mke-ndege achezwaye kusini mwa Thailand, ambaye kisa chake kimechongwa katika mawe ya Borobudur huko Java tangu karne ya 9, tena Watibeti wanakiimba kwao. Lakini nafasi ni ndogo, na tunataka kufika wakati wetu.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1932, ngoma ya Wathai ilitoka mikononi mwa wafalme ikawa kazi ya serikali, na shule yake ikafunguliwa mwaka 1934. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, neno «yetu» lilianza kuwa gumu. Zamani mwalimu alisema: hivi ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu. Ofisi ya serikali yasema: hivi ndivyo ilivyo khon ya taifa. Tangu 2007, kwa hima ya Malkia Sirikit, michezo mikubwa ya khon ilionyeshwa mjini Bangkok, na vijana wengi walirudi kuitazama. Mavazi ya nyuzi za dhahabu yaliyoshonwa kwa ajili yake ni kazi ya kusifiwa. Lakini mitambo ya jukwaani ni mingi mno: majitu ya kutengenezwa, watu wanaorushwa hewani kwa kamba. Mkono wa mchezaji unapotea. Na ile ngoma ya nusu saa wanayoonyeshwa watalii wakila chakula cha jioni, hiyo tuiache kando.

Aliyetufungua macho zaidi ni Pichet Klunchun, mwanafunzi wa mwalimu wa khon Chaiyot Khummanee. Mwaka 2004 huko Bangkok aliketi jukwaani mbele ya Mfaransa Jérôme Bel, mtungaji wa ngoma za kisasa, viti viwili tu, bila mapambo, wakaulizana maswali. Mfaransa alitaka kuona kifo. Pichet alimweleza kwamba katika khon kifo hakichezwi mbele ya watu. Kisha alivuka jukwaa polepole, polepole mno, bila kulia wala kuanguka. Wengine wamesema mchezo huo ni maneno mengi na ngoma kidogo. Ni kweli. Hata hivyo hatua zile chache zatosha kumfundisha mgeni namna ya kutazama, kuliko majitu yote ya Bangkok.

Mwishoni mwa mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Morisi, UNESCO iliandika ngoma zote mbili: khon ya Thailand, na lkhon khol ya watu wa Wat Svay Andet, kijiji kilicho karibu na Phnom Penh. Hii ya pili iliwekwa katika orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa upesi, na aliyesoma habari za Kamboja ajua sababu. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini haukutuliza mioyo. Mwezi wa saba wa mwaka 2025, majeshi ya inchi hizo mbili yalipigana mpakani kwa siku tano, tena karibu na mahekalu ya kale ya Wakhmer, na mapigano yakaanza upya mwezi wa kumi na mbili. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makao yao. Hatusemi ngoma ilileta vita. Twasema tu kwamba watu waliozoea kuitana wezi wa vinyago hawakuwa na safari ndefu.

Jambo moja wote wawili hawalitaji sana. Kutoka 1975 hata 1979, utawala wa Pol Pot uliua sehemu kubwa ya wachezaji na walimu wa ngoma wa Kamboja, kwa risasi, kwa njaa na kwa kazi za shuruti. Waliobaki walianza kukumbushana mikao, huyu akijua mkono, yule akijua wimbo. Wengine walifanya hivyo Phnom Penh. Wengine walikuwa wakimbizi, na waliwakusanya watoto katika kambi ya Khao-I-Dang, wakawasukuma vidole nyuma, siku kwa siku, wapate kucheza ngoma ya Wakhmer. Kambi hiyo ilikuwa ndani ya Thailand.