Ushahidi wa Nini? Uhakiki wa Mjadala wa Tiba ya Kisaikolojia Inayozingatia Ushahidi

Wataalamu wa tiba ya kisaikolojia wamegawanyika kuhusu kile ambacho ushahidi wao unathibitisha. Kundi la kwanza, lililopata nguvu nchini Marekani baada ya orodha ya tiba zilizothibitishwa kutolewa mwaka 1995, linashikilia kuwa kinachoponya ni mbinu mahususi. Kundi la pili, ambalo Bruce Wampold alilitetea kwa kina mwaka 2001, linaona kuwa kinachoponya zaidi ni mambo yanayopatikana katika tiba zote, hususani uhusiano wa mtabibu na mgonjwa pamoja na matumaini.

Utafiti wa Paul Bolton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, unafaa kupima hoja hizo. Ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda. Vijiji vilivyoteuliwa kwa nasibu vilipewa tiba ya vikundi inayolenga mahusiano, kwa wiki 16. Waliokidhi vigezo vya sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji linganishi walipungua kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Tarakimu hizo za mwisho zina uzito. Bila vijiji linganishi, nafuu yote ingehesabiwa kuwa matunda ya tiba. Kwa hiyo, wanaopinga majaribio ya namna hii hawana budi kueleza wangeitambuaje tofauti hiyo. Aidha, watafiti walianza kwa maradhi ambayo wenyeji wenyewe waliyataja kwa Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, yaani kujichukia na kujihurumia.

Hata hivyo, vijiji linganishi havikupewa vikundi vya aina nyingine. Jaribio linathibitisha kuwa kupata tiba hiyo ni bora kuliko kuikosa. Halithibitishi kuwa mbinu yake ndiyo iliyoponya. Kukutana kila wiki na kusikilizwa na majirani, chini ya kiongozi mwenyeji, huenda pia kulichangia.

Suala hili si la nadharia tu. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba hiyo mwaka 2016. Iwapo mbinu ndiyo inayoponya, fedha chache zilizopo zielekezwe katika kufundisha na kusimamia mbinu hiyo. Iwapo ni kikao chenyewe, vikundi vya kusaidiana vilivyopo vijijini vingeweza kubeba sehemu ya kazi hiyo. Uhakiki huu unahitimisha kuwa jaribio linalohitajika ni lile litakalolinganisha tiba hiyo na vikundi vya kawaida vinavyokutana kwa muda uleule. Pasipo ulinganisho huo, kila upande utaendelea kudai ushindi kwa ushahidi uleule.